Tucson au Albuquerque? Uangalieni kwanza mwezi mbaya wa kila mji

"Assalamu alaikum. Mimi na mume wangu tunaishi Minnesota, pembeni ya Minneapolis, zaidi ya miaka ishirini sasa. Mimi nina miaka 64, nimefanya kazi ya kuhudumia wazee mpaka magoti yamekwisha, na nikitimiza 65 naacha. Yeye ana 69, alikuwa dereva wa basi la shule, ameshastaafu. Ana kisukari cha kuchoma insulini, anameza dawa ya presha pamoja na ile ya kukojoza, na daktari alimwambia mapafu yameanza kuharibika kwa ajili ya sigara, ingawa aliacha mwaka 2011. Baridi imetushinda. Tunataka kuuza nyumba tuhamie kusini-magharibi, na tumebaki na miji miwili: Tucson, Arizona, na Albuquerque, New Mexico. Tucson tuna marafiki wa zamani na tumesikia kuna Waswahili wengi kutoka Kongo na Burundi. Albuquerque yuko mtoto wa dada yangu, nesi, na watoto wake wawili. Mume wangu anaitaka Tucson. Anasema sisi watu wa Tanga hatuogopi joto, hewa kavu itamsafisha mapafu, na Arizona kodi ni ndogo. Mimi naona jangwa ni jangwa, tofauti iko wapi? Mapato yetu ni Social Security, yaani malipo ya uzeeni ya serikali, ya wote wawili, dola 3,600 kwa mwezi, na pensheni yangu ya dola 400. Kila mwaka tunapenda kwenda Tanga miezi miwili. Tuchague wapi?"

Waalaikumussalam, dada yangu. Umeuliza mchague wapi, lakini barua yako imebeba swali zito kuliko hilo: ni mji gani utakaomweka shemeji nje ya hospitali, na wewe mwenye magoti mabovu usijikute muuguzi wa zamu ya usiku na mchana ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hilo ndilo nitakalolijibu. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na kazi yangu ni wazee, wengi wao wahamiaji kama sisi. Vipimo na dawa ni vya madaktari wenu, na nitakuambia wapi hasa lazima umwone daktari kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Nianze na neno lako kwamba jangwa ni jangwa, maana hapo wengi wanateleza. Tucson iko mita 730 hivi kutoka usawa wa bahari. Albuquerque iko mita 1,600, karibu sawa na Nairobi, na mwinuko huo unabadilisha mambo mengi. Juni na Julai mchana wa Tucson ni nyuzi 38 za Sentigredi kwa wastani. Siku za 40 na zaidi hakuna anayezishangaa, na Juni 1990 waliwahi kufika 47. Albuquerque miezi hiyohiyo ni 33 au 34, na usiku inashuka mpaka 18 hivi, unafungua dirisha ukalala. Januari mambo yanageuka. Tucson mchana ni 19, mnakaa barazani. Albuquerque mchana ni 8 au 9, usiku inapita chini ya sifuri, na theluji inaanguka mara chache. Ukitoka Minnesota utaiona theluji hiyo mchezo, kwa sababu jua la mchana linaimaliza, lakini ile asubuhi yenye barafu kwenye ngazi si ya kudharau kwa magoti yako.

Sasa hili la watu wa Tanga na joto. Joto analolijua shemeji ni la nyuzi 32 lenye unyevu wa bahari: jasho linachuruzika, shati linaganda mgongoni, mwili wenyewe unakudai kivuli na maji. Joto la Tucson haliombi kitu. Jasho linakauka kabla hujaliona, nguo inabaki kavu, mtu anadhani yuko salama. Fikiria mtungi wa maji. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na kule kukauka ndiko kunakoondoa joto. Kwenye hewa yenye unyevu mtungi unapoza kidogo na maji yanadumu. Kwenye upepo mkavu unapoza sana, lakini usipojazwa unakwisha bila mtu kujua. Mwili wa shemeji Tucson ni mtungi wa aina ya pili, na yeye ana sababu nyingi za kutoujaza. Uzee unapunguza kiu. Dawa ya kukojoza inamtoa maji kwa makusudi. Sukari ikipanda nayo inavuta maji kwenda kwenye mkojo. Akipungukiwa maji sukari inazidi kupanda, damu inakuwa nzito, figo zinaumia, presha inaanguka akisimama, anaanguka naye.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo wewe, kwa kazi uliyoifanya, utalielewa upesi kuliko yeye. Miguu ya mgonjwa wa kisukari inakufa ganzi. Saruji ya nyuma ya nyumba saa nane mchana mwezi wa Juni inaunguza ngozi, na hospitali za Arizona kila kiangazi hupokea watu walioungua kwa kuanguka tu juu ya lami. Mzee mwenye ganzi anatoka peku kuchukua barua, hatua chache kwenda na chache kurudi, hasikii kitu, na jioni wewe ndiye unayeona malengelenge kwenye nyayo. Na kisanduku hichohicho cha barua, cha bati, kwenye jua: kama insulini yake inaletwa kwa posta ikashinda humo, joto limeshaiharibu. Kwa macho inaonekana nzima. Mtachoma dozi ileile, sukari haitashuka, mtaanza kulaumu wali. Atakayeishi Tucson na insulini aichukue mwenyewe dukani, akiwa na mfuko wa kuhifadhi baridi, na asiiache ndani ya gari hata kwa dakika za kuswali adhuhuri.

Mkifika kuangalia nyumba, ulizeni inapozwa na nini. Miji yote miwili ina nyumba nyingi zenye mashine ya juu ya paa inayovuta hewa ya nje kupitia pedi zilizolowa maji. Ni kanuni ya mtungi tena, umeme wake ni kidogo, na Albuquerque inafanya kazi vizuri kwa sehemu kubwa ya kiangazi. Tucson inafaa Mei na Juni. Ikifika Julai mvua za kiangazi zikaanza, hewa inapata unyevu na mashine inashindwa wakati ambao bado ni nyuzi 37 nje. Kwa shemeji kuna ubaya zaidi: inaingiza ndani vumbi na moshi wa mioto ya misitu. Popote mtakapokwenda, mapafu yake yanahitaji kiyoyozi cha kawaida chenye gesi na chujio linalobadilishwa. Kama nyumba haina, gharama ya kukiweka iwe kwenye hesabu ya bei tangu siku ya kwanza.

Hewa kavu kusafisha mapafu ni imani ya zamani, na ina asili yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya dawa za kifua kikuu, madaktari waliwapeleka wagonjwa kwenye majangwa haya kwa ajili ya jua, hewa na mapumziko. Hospitali ya Presbyterian ya Albuquerque ilianza mwaka 1908 ikiwa makao ya wagonjwa wa kifua kikuu. Baadaye dawa ndizo zilizoleta uponyaji, kuanzia streptomycin iliyogunduliwa mwaka 1943. Mapafu yaliyochanika vijifuko kwa sigara hayaungwi na hewa kavu. Tena vumbi na hewa kavu kupita kiasi vinaweza kumwongezea kikohozi. Magoti yako nayo ni vivyo hivyo: gegedu lililolika halirudi. Watu wengi husikia nafuu kwa sababu wanatembea zaidi na hawaogopi kuteleza. Hiyo ni faida ya kweli, ila usiihesabu kama tiba.

Halafu kuna ugonjwa ambao hamkuutaja, na naogopa hamjausikia. Udongo wa kusini mwa Arizona una fangasi ambaye, ardhi ikichimbwa au upepo ukivuma, vijimbegu vyake hupanda hewani na watu wanavivuta. Wenyeji wanauita Valley Fever. Hauhusiani na ile Homa ya Bonde la Ufa ya mbu na mifugo tunayoisikia kwetu. Kiasi cha nusu ya wagonjwa wote wanaoripotiwa Marekani ni wa Arizona, na kaunti ya Pima, iliyo na Tucson, ni mojawapo ya zinazoongoza. Walio wengi hawaugui kabisa au wanapata homa na kikohozi kinachopita. Lakini wachache fangasi anatoka kwenye mapafu na kwenda kwenye mifupa, ngozi au utando wa ubongo, na watu weusi wamo katika kundi ambalo hilo huwapata zaidi kuliko wengine. Mwenye kisukari naye huugua vibaya zaidi kwenye mapafu. Shemeji ana yote mawili, pamoja na mapafu ambayo tayari yamepungua.

Dalili zake ni kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito na uchovu wa wiki nyingi. Zinafanana mno na kifua kikuu au nimonia ya kawaida. Mwafrika akifika kliniki na dalili hizo, daktari atafikiria kifua kikuu kwanza, au atampa dawa za bakteria mara mbili, mara tatu, wakati fangasi anaendelea. Mkihamia Tucson, au mkipita tu huko kutembea, na kikohozi kikazidi wiki moja, semeni wenyewe: tunaomba damu ipimwe Valley Fever. Kwa wenye hatari kama ya shemeji dawa za fangasi zipo, na zikianza mapema ni bora. Chuo Kikuu cha Arizona kina kituo maalumu cha ugonjwa huu hapo Tucson, hilo ni jema. New Mexico nako fangasi huyu yupo, zaidi upande wa kusini, lakini wagonjwa ni wachache sana kulinganisha. Na kama una ndoto ya bustani ya mchicha, Tucson kazi ya kuchimba si ya shemeji, na wewe uifanye baada ya kumwagia udongo maji.

Mpaka hapa utaona naikandamiza Tucson, kwa hiyo tuigeukie Albuquerque kwa jicho lilelile. Kwenye mita 1,600 shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa asilimia 17 hivi. Minneapolis iko chini ya mita 300. Mtu mzima wa afya anazoea kwa siku chache au wiki. Mtu ambaye mapafu yake yanapitisha oksijeni kwa shida anaweza kuishi vizuri Minnesota na, bila kuugua kitu kipya, akahitaji mtungi wa oksijeni Albuquerque. Usiku, akiwa amelala, ndipo inaposhuka zaidi. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu kwenye mapafu, na miguu inaanza kuvimba.

Hapo ndipo tofauti kubwa ya miji hii miwili inapolala, kwa maoni yangu. Athari ya mwinuko inaweza kupimwa kabla hamjahama. Mpeleke kwa daktari wa mapafu hapo hapo Minnesota, mwambie wazi mnafikiria kuishi mita 1,600. Atampima kwa kupuliza, atampima oksijeni ya kidoleni akiwa ametulia na akiwa anatembea dakika sita, na anaweza kumpima akivuta hewa yenye oksijeni pungufu kuiga mwinuko. Mtapata jibu lenye namba. Vumbi lenye fangasi na mchana wa Juni havina kipimo cha namna hiyo. Mtajua baada ya kufika, na wakati huo nyumba ya Minnesota imeshauzwa.

Una dalili moja unayoweza kuichunguza hata leo. Ndani ya ndege shinikizo huwekwa sawa na mwinuko unaofika mita 2,400 hivi. Kwenye safari za Tanga shemeji amekuwa akikaa saa nyingi juu kuliko Albuquerque. Je, anashuka akiwa sawa, au anashuka na maumivu ya kichwa, pumzi fupi, midomo imebadilika rangi? Hicho si kipimo, mtu aliyekaa kwenye kiti hafanyi kazi, lakini mpe daktari habari hiyo. Na mkienda kutembea Albuquerque, wageni hupenda kupanda kwa kigari cha waya mpaka kilele cha Sandia, zaidi ya mita 3,100. Yeye abaki chini mpaka daktari aruhusu.

Kodi nitaipita haraka, kwa sababu kwenu haina uzito mnaodhani. Arizona inatoza mapato asilimia 2.5 kwa wote na haigusi Social Security. New Mexico ina viwango vinavyopanda mpaka 5.9, lakini tangu 2022 Social Security imesamehewa kwa wanandoa wenye mapato yasiyozidi dola 150,000. Mapato yenu ni dola 48,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni Social Security. Kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba kodi ya jimbo itakuwa karibu na sifuri kokote. Tena hata Minnesota ilibadilisha sheria yake kuanzia mwaka 2023, na wanandoa wa kipato chenu hawakatwi Social Security. Kwa hiyo kodi hamuikimbii. Madukani Tucson inatoza asilimia 8.7, Albuquerque inapungua kama pointi moja, ila New Mexico inatoza pia kazi za fundi wa bomba, fundi gari na wengineo. Chakula cha kupika nyumbani kimesamehewa kote kuwili. Tofauti mtakayoihisi mfukoni ni umeme wa kiangazi Tucson na gesi ya majira ya baridi Albuquerque.

Watu watawatisha kuhusu maji. Tucson inategemea maji ya mto Colorado yanayoletwa kwa mfereji wa kilomita 541 uliokamilika 1993, na imekuwa ikiyahifadhi ardhini kwa miaka mingi. Albuquerque inachanganya maji ya chini ya ardhi na yanayovushwa milimani kutoka matawi ya Colorado, na Julai 2022 mto Rio Grande ulikauka katikati ya mji. Bili zitapanda miji yote miwili. Bomba la mjini silitegemei likauke katika umri wenu. Hatari ni nyumba ya bei nafuu nje ya mipaka ya mji, yenye kisima au maji ya boza. Januari 2023 mtaa wa Rio Verde Foothills, hukohuko Arizona, ulikatiwa maji ya boza yaliyokuwa yakitoka mji jirani wa Scottsdale, na nyumba zilikuwa za watu wenye uwezo. Nunueni ndani ya mtandao wa mji.

Mengine mawili ya nyumba. Marafiki wa Tucson huenda wakawaelekeza Green Valley, kusini ya mji, palipo tulivu na penye mitaa ya wazee wa miaka 55 na kuendelea. Someni kanuni za mtaa neno kwa neno. Nyingi haziruhusu mtoto kuishi humo, na mgeni mdogo ana siku zake zilizohesabiwa. Mjukuu akihitaji kukaa kwenu mwaka mzima kwa sababu mama yake ana matatizo, mtaa utamkataa, na kwa familia zetu hilo si jambo la mbali. Albuquerque nayo ina wizi wa magari wa kutisha. Mwaka 2016 na 2017 iliongoza miji yote ya Marekani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Chagueni mtaa, ulizeni gereji, na msinunue bila kulala eneo hilo usiku mmoja.

Sasa watu. Ni kweli Tucson imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili utakisikia sokoni. Msikiti upo, Islamic Center of Tucson, jirani na chuo kikuu. Albuquerque upo Islamic Center of New Mexico. Mkiswali ijumaa moja moja, msiulize juu ya sherehe tu. Ulizeni nani huwaendea wagonjwa, na maziko yanafanyika wapi na kwa gharama gani. Majibu yatawaonyesha kama hapo mna jamaa au mna watu wa kusalimiana.

Kuhusu mtoto wa dada yako, nitasema kwa upole. Nesi ndani ya ukoo ni neema. Lakini ana watoto wawili na zamu, na manesi wanafuata mikataba. Umemuuliza kama atabaki Albuquerque? Umemuuliza kama yuko tayari kumpeleka shemeji kliniki wewe ukiwa umefanyiwa upasuaji wa goti? Kuna wapwa wanaopenda sana lakini wanashtuka kukuta wamepangiwa kazi. Zungumza naye kabla, na mpe nafasi ya kusema kiasi gani anaweza.

Upande wa madaktari, New Mexico ina upungufu unaojulikana, na kumwona bingwa kunaweza kuchukua miezi. Albuquerque ndiko waliko wengi, wakiwemo wa hospitali ya Chuo Kikuu cha New Mexico, na bado foleni ni ndefu. Tucson ina hospitali kubwa ya Banner ya chuo kikuu na nyingine kadhaa, na kwa jumla kupata miadi ni rahisi zaidi. Hili ndilo doa kubwa la Albuquerque kwa mgonjwa kama shemeji. Piga simu kliniki tatu au nne, uliza: mnapokea wagonjwa wapya wa Medicare (bima ya serikali ya wazee), na miadi ya kwanza ni lini? Fanya hivyo mkiwa bado Minnesota.

Kwenye Medicare kuna nafasi ambayo ikipita hairudi. Wewe ukitimiza 65 na kujiandikisha Part B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, kwa miezi sita kampuni haziwezi kukunyima bima ya nyongeza ya Medigap wala kukupandishia bei kwa sababu ya magoti. Baada ya hapo, katika majimbo mengi wanaweza kukuuliza maradhi na kukukataa. Shemeji kama yuko kwenye mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, mpango huo umefungwa kwenye eneo mnaloishi, na kuhama kunauvunja. Lakini kuhama huko kunampa haki ya kurudi Medicare ya kawaida na kununua baadhi ya bima za Medigap bila kuulizwa sukari wala mapafu, mradi aombe ndani ya siku 63 baada ya bima ya zamani kwisha. Kwa mtu wa hali yake huenda hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Na Tanga Medicare hailipi kitu. Baadhi ya bima za Medigap hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi, baada ya dola 250 za kwanza, kwa siku 60 za mwanzo wa safari, kikomo dola 50,000 maisha yote. Miezi yenu miwili inaingia humo kwa kubana.

Safari hiyo ya Tanga nusura inibadilishe mawazo. Mkiihamishia Juni na Julai, mnamkwepesha shemeji mwezi mbaya wa Tucson, na Tanga ni kipupwe wakati huo. Kwa miaka kadhaa mpango huo utafanya kazi vizuri. Ila ipo siku shemeji hataweza kukaa kwenye ndege saa ishirini na zaidi, na siku hiyo mtakuwa Tucson mwezi wa Juni, yeye akiwa dhaifu kuliko alivyo leo.

Kwa hiyo, dada, naelemea Albuquerque, kwa masharti mawili: daktari wa mapafu aridhike na vipimo, na kliniki iwe imempokea shemeji kwa tarehe inayojulikana. Sharti moja likianguka, nendeni Tucson bila majuto, ndani ya mji, nyumba yenye kiyoyozi, viatu miguuni hata barazani, Juni na Julai muwe Tanga maadamu mnaweza. Na kabla ya kununua popote, pangisheni kwa wiki chache mwezi mbaya: Juni kwa Tucson, Januari kwa Albuquerque. Watu wengi huenda Tucson Februari, wanaona maua, wanasaini. Mkienda huo Juni, chukueni ushauri wa daktari kwanza juu ya dawa ya kukojoza, na shemeji akionekana kuchanganyikiwa, ngozi ya moto, maneno hayaeleweki, msimpe tu maji mkangoja, pigeni 911.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La bima, kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare. Kwenu Minnesota piga Senior LinkAge Line, wana wakalimani, na waulize tarehe za kuacha na kuanza mpango. Ukifika Tucson, Pima Council on Aging wanafanya kazi hiyo. La pili ni mwanasheria wa masuala ya wazee. Medicare hailipi mhudumu wa kumwogesha na kumlisha mtu miaka nenda rudi. Hilo hulipwa na Medicaid, mpango mwingine wa serikali, kwa wenye mali kidogo, na Medicaid inaangalia nyuma miezi 60 kuona mali mliyogawa. Fedha za nyumba ya Minnesota mkizituma kujengea Tanga au kumpa mtoto, zinaweza kuhesabiwa, na nyumba ya Tanga yenyewe ni mali ya kutajwa. Mwone mwanasheria huyo kabla nyumba haijauzwa, na uende na orodha ya kila kitu, kiwanja cha urithi nacho kikiwemo.